Uzi Uliofungwa Msumarini

Juu ya dirisha la ghala lililoachwa aliishi Buibui, na upweke ulikuwa umemchosha. Chini ukutani aliishi Konokono. Siku moja Buibui akamteremshia uzi.

"Jifunge, mwenzangu," alisema. "Ncha ya pili nitaifunga mguuni kwangu. Nikisogea utajua, nawe ukisogea nitajua."

Konokono akajifunga. Kila asubuhi Buibui alivuta, naye Konokono, kwa mwendo wake wa taratibu, akaitikia kwa kusogea. Siku ya tatu Konokono ndiye aliyeanza kuvuta, Buibui akashtuka usingizini.

"Ananisumbua huyu," akanung'unika. Akaivua ncha yake mguuni, akaifunga kwenye msumari. Tangu hapo akawa anavuta apendapo, wala hakuna aliyemvuta yeye.

Asubuhi moja alivuta, uzi ukaja mwepesi. Akauvuta wote hadi juu, na mwishoni mwake likaning'inia gamba tupu.

"Konokono yuko wapi?" akamuuliza Mjusi aliyekuwa ukutani.

"Siafu walimjia jana," alisema Mjusi. "Alikuvuta kutwa nzima ili umpandishe. Mimi nikadhani umekataa."

"Sikusikia kitu!"

"Msumari ulisikia. Tazama ulivyolegea."

Buibui akautazama. Kisha akaufungua uzi pale msumarini, akajifunga mguuni, akaliteremsha lile gamba mpaka lilipokuwa. Hadi leo yuko dirishani, ametulia tuli, hasogezi hata mguu, asije akadhani mtikisiko wake mwenyewe ni wa mwenzake.