Homa ya Ujirani

Mtaani kwetu mtoto akiugua, homa yake hugawanywa kwa watu wazima wa nyumba za jirani kupitia bangili, asizidiwe kabla muuguzi hajafika. Adhuhuri ile nilikuwa nakaanga samaki, joto likanipanda hadi masikioni.

"Ni Shamte wa Zaituni," nilimwambia mume wangu. Kilio cha mtoto kilikuwa kinapenya ukutani.

Nikavumilia. Ghafla joto likazidi, macho yakaniwaka.

"Nani huyo kavua bangili?"

Mume wangu akainama kufunga kamba za viatu. Mkono wake ulikuwa mtupu.

"Nina usaili saa nane, Mama Rauhia. Nitaingiaje ofisini natetemeka? Si wengine mpo?"

"Na wengine nao wakisema hivyo? Angekuwa Rauhia je? Ivae, Baba Rauhia. Ivae sasa hivi!"

Akaitoa mfukoni shingo upande. Kabla hajaifunga, joto lote likanitoka, nikawa baridi kama niliyemwagiwa maji.

"Umeona?" akasema, akiirudisha mfukoni. "Kashapona."

Nikazima jiko nisikilize. Kilio kilikuwa kimekoma. Mlangoni kwa Zaituni, muuguzi ndiyo kwanza anapiga hodi.