Rafu za Ukutani

Kitasa kiligoma. Dalali aliuzungusha ufunguo huku na huku, jasho likimtoka, na bado akausifia mlango kwamba ni imara.

"Uinue kidogo kwanza," mke wa fundi alisema.

Akauinua, ukafunguka. Dalali alicheka, akasema mke wa seremala hafundishwi mambo ya milango. Fundi hakucheka. Tangu walipokata kona ya kinyozi mkewe alikuwa amemshika shati, naye alimkanya kwa macho anyamaze.

Walikuwa wakilala sebuleni kwa shemeji, na huko siku ya kupewa jembe ilikuwa imeshapita. Shemeji hakuwafukuza, ila kila asubuhi aliuliza kama leo watapata. Vyumba walivyoonyeshwa ama vilikuwa na bei ya kuruka, ama wenyewe hawakutaka mtoto. Basi fundi akauza randa, msumeno na keekee ili apate kodi na amana. Iliuma. Seremala akiuza randa, kesho atashika nini?

Dalali aliingia akipigapiga kuta kama mtu anayechagua tikiti maji. Alieleza kwamba kazi hii ameianza juzijuzi tu, na mwenye nyumba anaishi mbali, mambo yao yote ni kwa simu. Masharti yalikuwa mepesi: amana inakaa kwa mwenye nyumba, na ukitoka bila kuharibu kitu unarudishiwa yote. Kisha akafika kwenye rafu za mbao zilizopanda mpaka darini, akazipapasa.

"Amana imepanda kwa sababu ya hizi," alisema. "Chumba kama hiki hukipati mtaa mzima. Wewe si fundi? Hebu itazame kazi hiyo."

Fundi aliitazama. Akakubali kwamba ni kazi nzuri.

Binti yao mdogo alikuwa ameshajipenyeza chini ya rafu ya mwisho. Akatoka na mdoli asiye na mkono, amemkumbatia. Dalali akasema mwacheni naye, waliokuwamo walitoka mbiombio.

Fundi alikohoa kidogo. Akauliza kama hao waliotoka walirudishiwa amana yao.

"Warudishiwe nini, kaka? Mume alitoboa ukuta bila ruhusa. Mwenye nyumba akawatoa, amana akabaki nayo."

"Aliutoboa wa nini?"

"Si kwa ajili ya rafu hizi hizi." Dalali alikuwa ameshatoa kitabu cha risiti. "Niandike jina la nani?"

"Andika la mke wangu."

Mkewe aligeukia dirishani, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Fundi alitamani kusema neno, lolote, lakini jua lilikuwa linazama na mtoto alikuwa ameshakaa sakafuni na mdoli wake. Akatoa fedha. Dalali akazitia mfukoni, akamtakia heri ya nyumba mpya, akamwekea ufunguo kiganjani.

Bado ulikuwa na uzi mwekundu, ule alioufunga mkewe jioni ile fundi alipotundika rafu ya kwanza.