Nguchiro Mtabiri wa Vuli

Sikilizeni yaliyompata Kanga katika vuli ile ya vituko, asubuhi jua linachoma, adhuhuri mvua, jioni jua tena. Alikuwa akiatamia mayai tisa, na njaa ilimuuma, lakini aliogopa kuondoka mayai yasije yakalowa.

Nguchiro akajitangaza kuwa mtabiri wa hali ya hewa. "Nenda zako ukale, dada Kanga. Leo ni jua mpaka magharibi."

Kanga akaenda. Mvua ikamnyeshea njiani, na aliporudi alikuta mayai manane. Kesho yake Nguchiro akaapa tena kuwa ni jua. Mvua ikanyesha, mayai yakabaki saba.

Kanga aliumia moyoni, akaanza kuliangalia anga mwenyewe. Siku ya tatu aliona wingu zito limetanda juu ya milima. Akayaficha mayai yake kichakani, juu ya kichuguu, kisha akamwendea Nguchiro.

"Bwana mtabiri, leo je?"

"Jua tupu, dada. Nenda hata mbali."

"Ahsante. Basi mayai nimeyafukia kule korongoni, kwenye mchanga mkavu, yapate joto."

Nguchiro alikuwa bado anafukua mchanga maji yalipoteremka kutoka milimani. Yalimzoa, yakambingirisha, yakamtupa ukingoni akikohoa tope.

"Mbona hukuniambia kuwa mvua inakuja?" akamfokea Kanga aliyekuja kumtazama.

"Ningekuambiaje?" Kanga akajibu kwa upole. "Mtabiri si wewe?"

Mayai yote saba yalianguliwa wiki ile ile. Nguchiro naye, ukimuuliza habari za mvua, atakuambia ukamuulize Kanga.