Korongo Akataa Kuwa Kungwi

Katika mchezo wa nyimbo wa wanyama, bibi harusi alikuwa Korongo, miaka nenda miaka rudi. Nyani alipotaka kuufanya filamu, alimjia kwa adabu.

"Bibi, safari hii uwe kungwi, umfunde bibi harusi. Ule wimbo wa kungwi wa kumuaga bibi harusi hakuna auwezaye kama wewe."

"Kungwi ni kizee!" Korongo akafoka. "Bibi harusi ni mimi."

Ukungwi akapewa Kobe, mwenye sauti ya kukwaruza.

Enzi za jukwaani watazamaji walikaa mbali, lakini sasa kamera ya Nyani ilisogea hadi ikayaona makunyanzi ya shingo ya Korongo.

"Rudi nyuma!" akaamuru. "Bado! Rudi!"

Nyani akarudi mpaka kilimani. Zamu ya Kobe ilipofika, yeye hakumrudisha Nyani nyuma.

Siku ya kuonyesha filamu, uso wa Kobe ulilijaza pazia zima la kuonyeshea, makunyanzi yote yakitetemeka kwa wimbo. Watazamaji walilia. Korongo naye alijifuta machozi, kisha akamnong'oneza Nyani, "Mbona sijioni? Mimi niko wapi?"

Nyani akamwonyesha kidoa cheupe chini ya kilima.

"Pale, bibi. Pale pale ulipotaka."