Kiasi cha Mzizi

Fuko, aliyeijua mizizi yote ya chini ya ardhi, alipiga hodi kwa Tembo, mganga mkuu wa wanyama.

"Shikamoo, mzee. Naomba nifundishwe kupima dawa."

"Marahaba. Una uzoefu?"

"Bado. Uzoefu unapatikana wapi?"

"Humu ndani," Tembo alijibu, akamfungia mlango nje.

Masika yalipoingia, mtoto wa Tembo alishikwa na homa. Majani yote ya baba yake yakashindwa. Tembo akaenda mwenyewe kumwita Fuko, naye akamnusa mgonjwa, akachimba, akarudi na mzizi.

"Dawa ni hii, mzee. Ila ikizidi inaua."

"Basi nimpe kiasi gani?"

"Hakijapimwa. Ndicho nilichokuja kujifunza siku ile."

Tembo akabaki ameushika mzizi kwa mkonga, mpaka mwanawe akaacha kupumua.