Utepe Mwekundu

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, mwalimu mkuu alimkabidhi Mwalimu Sikudhani tepe za rangi tatu awafunge wanafunzi mikononi.

"Wa kijani watafaulu wenyewe. Wa njano wakisukumwa kidogo watapita. Hao uwafundishe jioni. Wa nyekundu wape mafagio, usimalize chaki bure."

Tunu, aliyeshika mkia darasani, alinyoosha mkono. Mwalimu akamfunga utepe mwekundu bila kumtazama usoni.

"Asante, Mwalimu! Nitamwonyesha bibi. Hajawahi kuniona nimeshinda."

Mwalimu akamwita anayefuata.

Jioni, akiwafundisha wa njano kugawanya, alimwona Tunu uwanjani akifagia kwa mkono mmoja. Ule wenye utepe alikuwa ameuinua juu, usiingie vumbi.