Jina la Mtoto wa Kipngeno

Mtoto alikataa kupiga chafya.

Kogo, bibi mkongwe wa nyumba hiyo, alimpakata karibu na dirisha, akampitishia tumbako chini ya pua, akaita, "Taprandich! Kama ni wewe, njoo." Mtoto alipiga miayo.

"Kogo, tumbako yako imelala," mwanamke mmoja alisema. "Ama huyu anangoja jina la Kizungu?"

"Hilo atapewa na pasta. Hili anapewa na watu wake."

Vikapu vya majani chai vilikuwa vimepangwa nje ukutani. Wanawake walitoka shambani moja kwa moja, maana mtoto wa kwanza wa Kipngeno ilikuwa lazima apate jina. Wazazi wa ukoo waliokwisha kufariki huitwa mmoja mmoja. Yule ambaye mtoto atalipigia chafya jina lake, huyo ndiye aliyerudi. Asipojulikana, mtoto hulia na hanenepi.

Chemutai aliketi mlangoni na sinia la vikombe. Hakutaka kuja. Mama Kipngeno ndiye aliyemfuata hadi kwao. "Wewe ni mtoto wa hapa," alimwambia. "Cheptoo hayuko. Ni nani mwingine atanisaidia kugawa chai?"

Cheptoo alikuwa binti wa Mama Kipngeno, dada yake Kipngeno, na rafiki wa Chemutai tangu chekechea. Aliondoka wakati wa mvua kubwa, bila kuaga. Jumapili iliyofuata Chemutai alisimama kanisani, akasema huku akilia kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza alfajiri kupanda gari, aende kufanya kazi Saudia, na kwamba alimficha Mama Kipngeno jambo hilo. Watu walisema amina. Mama Kipngeno alimkumbatia mbele ya madhabahu, akamwambia amemsamehe. Tangu siku hiyo Chemutai hakuweza kumtazama usoni.

"Umekonda," Mama Kipngeno alimwambia sasa, akimvika sweta ya kijani mabegani. Ilikuwa ya Cheptoo. "Vaa, mpaka mwenyewe arudi. Nyinyi mlikuwa kama mapacha. Sikuwahi kusikia mkigombana hata siku moja."

Chemutai alitazama vikombe. Sweta bado ilinukia sabuni ya rafiki yake. Akaomba kimoyomoyo mtoto apige chafya upesi, ili aende zake.

"Tapkigen!" aliita Janefer, binamu ya Kipngeno.

Kogo aligeuka. "Tapkigen gani? Yule wa Nakuru? Huyo alinipigia simu jana akitafuna nyama! Unataka kumuua?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mimi nilisikia alikufa," Janefer alijitetea.

"Hapa haitwi mtu kwa kusikia. Ita yule uliyeona kwa macho yako udongo ukimfunika. Ukiita aliye hai, umemchimbia kaburi."

Chemutai aliinuka. "Wacha nioshe vikombe," alisema.

Vikombe vilikuwa safi. Alikaa jikoni kwa muda. Kabla hajarudi, simu ya Mama Kipngeno ililia mara moja.

"Ni Cheptoo!" Mama alipaza sauti. Alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole. "'Mama, Mungu ambariki mtoto wetu. Nawakumbuka sana.' Mnaona? Na laini ni ile yake ya zamani."

"Lakini amejuaje tuko hapa leo?" Janefer aliuliza.

"Mtoto wa nyumba hujua ya nyumbani." Mama alijaribu kupiga. Aliweka simu sikioni, akaishusha. "Hapatikani. Chemutai, si ulisema huko hawaruhusiwi kushika simu wakiwa kazini?"

"Ndiyo, Mama," Chemutai alijibu, akirudi mahali pake mlangoni huku akitia simu mfukoni.

Mvua ilianza kupiga mabati. Mtoto naye akaanza kulia. Dorine, mama yake, alimpa titi, akalikataa. Waliita marehemu mama zao na bibi zao, wakaita hata shangazi aliyefariki akiwa mchanga. Mtoto alizidi kulia, sasa kwa sauti nyembamba, kama kitu kinachokatika. Hakuna aliyecheka tena.

"Kuna mtu tunamsahau," Kogo alisema. "Amesimama hapo mlangoni anatusikia tukiita wengine. Aliye na jina asilifiche. Mtoto hana kosa."

Chemutai hakugeuka kutazama mlango. Alijua kilichokuwa nje: majani chai ya Kipngeno, na ng'ambo yake ile mikaratusi ambayo tangu mvua kubwa ile hakupitia tena, hata kama njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu.

"Mungu wangu," Dorine alisema huku machozi yakimtoka, "huyu amekosa nini?"

Mama Kipngeno alipiga magoti sakafuni, simu ingali mkononi. "Baba, mhurumie mtoto huyu mdogo," aliomba. "Na yule wangu aliye mbali, umlinde. Usimwache alale njaa. Umrudishe nyumbani, nimwone."

"Amina," walisema wote.

Wote isipokuwa Chemutai. Alikuwa amesimama, ameibana ile sweta kifuani kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Mdomo ulifunguka tu.

"Cheptoo," Chemutai alisema. "Kama ni wewe, njoo."

Mtoto alinyamaza. Akapiga chafya.

Wanawake walikuwa wamekwisha kufungua vinywa kwa vigelegele. Hakuna sauti iliyotoka.